Kalafati ya Mvuke

Makumbi niliyafukia matopeni mwezi wa Rajabu,
nikayafukua Muharamu yananuka yai viza,
nikayaponda juu ya gogo hadi yakaacha ukaidi.
Usumba haupatikani mpaka kitu kioze kwanza.

Kamba zangu zilikwisha kufunga mbuzi na vitanda,
makuti ya mapaa, ndoo za visima vya Kihinani.
Kufunga moto, hilo sikuwahi kuliwaza.

Akaja Dhanji, fundi wa karakana ya gari la moshi,
kofia mkononi, mafuta meusi hadi viwikoni.
Bi Mize, injini yangu inapiga chafya.
Akachuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti:
hili pipa ni silinda, huu mtaimbo ni pistoni,
unaingia, unatoka, unaingia, unatoka,
na hapa shingoni unapotokea pana kikombe,
ndani ya kikombe kizibo cha Ulaya,
na kizibo kimeliwa, na meli haijafika.
Mvuke wote unatorokea hapo.
Gari linaingia Bububu likihema kama mwenye pumu.

Nikamwambia, fundi, huo si mchi na kinu?
Dhanji akatazama pembeni, masikio yamemwiva.

Nilisuka nyuzi nane, msuko wa pembe nne,
mnene kama kidole gumba cha mpagazi.
Nikauchemsha kwa shahamu ya ng'ombe
na masizi niliyoyakwangua matakoni mwa sufuria.
Watoto walikimbia harufu.
Kwa mabaharia hiyo ni kalafati tu,
ila wao huzuia maji yasiingie,
mie nilitakiwa nizuie maji yaliyokasirika yasitoke.

Karakanani waliniwekea kiti, sikukikalia.
Dhanji akaukata msuko mapete matatu,
akayasukumiza kikombeni moja moja,
maungio yasitazamane, kama mawifi waliogombana.
Kisha spana: nati hii kidogo, ile kidogo.
Ukikaza mno, akasema, kizibo kitaungua;
ukilegeza, kitavuja.
Nikasema, hayo niliambiwa usiku wa harusi yangu,
na aliyeniambia hakuwa fundi.

Kilidumu siku kumi na moja.
Sisemi kilidumu mwaka; siku kumi na moja,
nikasuka kingine.

Karani Rozario alinilipa kwa pima, bei ya kamba ya mbuzi.
Nikamwambia, kamba hupimwa kwa mkono,
hiki ukipime kwa moto kinaouzuia.
Akacheka, akaandika kitabuni mwake,
akanisomea alichoandika: *vitu vidogo vidogo*.
Zikabaki rupia tatu, kila mwezi ni kesho.

Lakini jioni, nikigeuza muhogo chunguni,
nilikuwa nalisikia gari tangu likitoka Mtoni.
Upande wa bahari, chwa, chwa, pumzi safi: wangu.
Upande wa mashamba, ssss, kama ulimi wa nyoka:
kizibo cha Ulaya, kipya, meli ilikuwa imefika.
Jirani yangu Mwatima hakuniamini.
Nikamtuma mwanawe Silima akatazame kwa macho yake.
Alirudi na shombo la makaa na jibu lile lile.

Mwenyewe sikupanda hata siku moja.
Nauli ilikuwepo. Sijui.
Unaposikia kitu ndani kwa ndani namna ile,
kukalia kiti chake na kutazama dirishani
ni kama kumtembelea mtu uliyekwisha kumwosha.

Kisha reli ziling'olewa.
Watu wakagombea mataruma kwa kuni,
na ile njia ikaota magugu, halafu ikawa barabara.
Dhanji akaja kuniaga, safari hii kofia kichwani.
Rupia tatu hakuwa nazo.
Akaniwekea spana ile kizingitini, nzito kama mtoto wa miezi miwili,
akaondoka bila kunywa maji.

Naipondea makumbi hadi leo.
Ilikuwa na herufi za kiwanda chake ubavuni.
Nne zimekwisha kufutika. Imebaki moja,
na hiyo nayo naiona inaanza kulegea.